Somo Geni na Mazoezi ya Kufundisha Katika Vyuo vya Ualimu

Tangu mtaala mpya uanze kutumika mwaka 2024, ukiwa na somo la Historia ya Tanzania na Maadili, baadhi ya walimu vijana huuliza namna mtu anavyoweza kufundisha somo ambalo yeye mwenyewe hakulisoma, wakidhani swali hilo halijapata kuulizwa, ilhali vyuo vya ualimu vya Tanzania vililipatia jibu miaka mingi iliyopita.

Mwanachuo wa Daraja A, yaani kijana aliyemaliza kidato cha nne na kusomea ualimu wa shule ya msingi, hakuweza kujichagulia masomo aliyoyapenda, kwa kuwa shule ya kijijini ingeweza kumkabidhi Hesabu asubuhi na Sayansi Kimu, lile somo la mapishi, ushonaji na malezi, baada ya mapumziko. Kabla ya kupelekwa shule ya mazoezi, yaani shule ya msingi iliyo kando ya chuo ambamo wanachuo walijifunzia kazi, alisimama mbele ya wenzake walioketi madawatini kama watoto, akafundisha hatua moja tu ya somo kwa dakika chache, huku mkufunzi akiandika nyuma ya darasa.

Ushonaji uliwatoa jasho wavulana wengi. Mkufunzi makini hakupitisha andalio la somo, yaani mpango wa kipindi kuanzia utangulizi hadi hitimisho, mpaka mwanachuo awe amepiga bandi kwa mkono wake mwenyewe. Na hata alipoweza, wenzake walimwambia bila kumwonea haya kwamba sindano yake haionekani kutoka dawati la tatu. Usiku huo alitafuta shazia, sindano kubwa ya kushonea magunia, na uzi wa katani, akachora mistari ya mshono kwenye kiroba, huku bweni zima likinuka wanga wa muhogo uliopikwa kuwa gundi ya zana, harufu chachu isiyosahaulika. Kesho yake alirudia hatua ileile, na kila mtu akaona uzi unapoingia na unapotokea. Mwalimu aliyejikwaa juzi alijua hasa mahali mtoto atakapojikwaa, jambo ambalo fundi wa siku nyingi hulisahau.

Azimio la Musoma, lililotaka elimu ya msingi kwa wote (UPE), ni la Novemba 1974, na UPE ilianza 1977, lakini tarehe hizo hazielezi jinsi walimu wengi walivyojifunza kazi vijijini huku tayari wakiwa na madarasa ya kufundisha. Ikaja MMEM, yaani Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, mwaka 2002, wanachuo wakaongezeka, muda wa chuoni ukabanwa. Siku hizi msimamizi wa mazoezi ya kufundisha mara nyingi hufika, akapekua jalada la maandalio, akakaa kipindi kimoja, akatoa alama na kuondoka, na somo halirudiwi. Inasikitisha, na inaudhi pia, kwa sababu huo ni mtihani, wala si zoezi.

Wakuu wa vyuo hawana haja ya kusubiri waraka, kwani madawati yapo na wanachuo wa kuketi kama wanafunzi wapo. Wampe kila mwanachuo somo moja asilolijua, wenzake wamkosoe, kisha aruhusiwe kulirudia.