Msimu wa Mpole

Sisi wa Geita tumezoea kuona dhahabu ikiondoka. Ndiyo maana msimu wa 2021/22 ulinipagawisha. Geita Gold ndiyo kwanza imepanda Ligi Kuu, na mtaani tulishagawana zamani, huyu Simba, yule Yanga. Akatokea George Mpole. Mpole wa jina tu, jamani! Mabao 17, moja zaidi ya Fiston Mayele wa Yanga. Mfungaji bora akatoka kwetu. Ubingwa Yanga waliubeba bila kufungwa hata mechi moja, haya, tuwape chao. Sisi nafasi ya nne, na safari ya Kombe la Shirikisho Afrika. Baba mdogo, Yanga damu, akaninong'oneza: "Hivi jezi ya Geita inauzwa wapi?"

Mwaka 2024 timu ikashuka daraja. Jezi anayo bado; huivaa akishuka duarani.