Jina Letu Barabarani

Ni miaka mitatu sasa tangu mganga atuonye juu ya sukari iliyo katika damu yetu, nasi tukaanza kukimbia kila alfajiri. Tunatoka Nguba tukipanda kuelekea katikati ya mji wa Bukavu, na tunarudi kabla jua halijachomoza vizuri juu ya vilima vya Rwanda, ng'ambo ya Ruzizi.

Asubuhi moja ya masika tulimeza dawa bila kula. Mikono ikatetemeka, jasho baridi likatutoka, maneno yakatupotea kinywani. Tukaketi kando ya barabara, kisha tukalala. Waliopita walisema kwamba mzee huyu amelewa tangu usiku. Hatuwalaumu, maana mtu ambaye sukari imemshuka hupepesuka na kusema ovyo sawasawa na mlevi. Ni kijana mmoja wa pikipiki aliyesimama. «Papa, unaitwa nani?» Hatukuweza kumjibu. Alipapasa mifuko yetu akakuta ufunguo na simu iliyofungwa kwa namba ya siri. Kadi ya uchaguzi, ambayo kwetu Wakongo ndiyo kitambulisho cha kila siku, ilikuwa nyumbani sandukuni. Nani huenda nayo mbioni? Ikipotea, ni safari za ofisi hadi ofisi.

Katika kituo cha afya waliandika daftarini: mwanaume, miaka kama 70. (Tuna 56, jambo hilo lilituuma kuliko sindano.) Walitutoboa kidole, wakapima, wakatutia maji ya sukari mshipani, na muda mfupi baadaye tukalitaja jina letu wenyewe.

Mwalimu mwenzetu hakupata nafasi hiyo. Gari lilimgonga akikimbia, naye akalala siku mbili katika chumba cha maiti bila jina, huku mkewe akizunguka kutoka hospitali moja hadi nyingine akiuliza juu ya mtu mwenye kaptula ya bluu.

Tangu hapo tunavaa shingoni kadi ndogo iliyofungwa katika plastiki. Wazo si letu. Huko California, Marekani, daktari Marion Collins na mke wake walianzisha shirika la MedicAlert mwaka 1956, baada ya binti yao kukaribia kufa kwa sababu mwili wake ulikataa dawa ya kukinga pepopunda. Bangili yake ilisema yale ambayo mgonjwa aliyezimia hawezi kuyasema. Sisi tuliandika jina, ugonjwa wa kisukari, dawa tunazomeza, na namba mbili za simu za watu ambao hawakimbii pamoja nasi. Wengi hutanguliza kundi la damu. Sisi tunaliweka mwisho, kwa kuwa maabara italipima tena kabla ya kumwongezea mtu damu. Mwenye kifafa, au mtoto mwenye ugonjwa wa selimundu, ana haja kubwa zaidi ya maneno mawili hayo shingoni. Simu nyingi za kisasa pia huruhusu habari hizo zisomeke bila namba ya siri, ila betri ikiisha zinanyamaza.

Tulidhani jambo limekwisha, mpaka mama yetu mzazi alipoiona kadi.

«Mwanangu, karatasi hii inamwambia nani wewe ni nani?»

Mwaka 1994 tulikuwa walimu vijana, tukawaona waliovuka Ruzizi. Kule, vitambulisho vilivyoletwa na utawala wa Wabelgiji katika miaka ya 1930 vilikuwa na mstari wa kabila, na kwenye vizuizi vya barabarani mstari huo ndio ulioamua nani apite na nani auawe. Mama aliwapa baadhi yao maji mlangoni mwake, na hakusahau waliyomsimulia. Kumwambia kwamba kadi yetu ni ya wauguzi tu hakukumtuliza; anayeokota mtu barabarani hachaguliwi.

Aliisoma polepole, kidole kikifuata maneno. Kumbe, kwa mazoea ya kujaza fomu, tulikuwa tumenakili kutoka kadi ya uchaguzi hata mahali pa asili: kijiji, utaratibu, teritware. Akatia ukucha juu ya mstari huo.

«Na muuguzi, hiki atakipima kwa sindano gani?»

Tulichukua kalamu, tukaandika kadi mpya palepale mezani pake, bila mstari huo.