Mai: Neno Moja, Maana Nyingi

Katika Matendo ya Mitume twasoma kwamba wanafunzi waliitwa Wakristo kwa mara ya kwanza kule Antiokia. Waliitwa, hawakujiita. Hapa Maniema tunalo jina ambalo wenyewe walijipa kwa vinywa vyao: Mai-Mai.

Mai ni maji, kama tusemavyo nyumbani. Mwaka 1964 wapiganaji wa Simba, walioiteka Kindu mwezi wa Julai chini ya Nicolas Olenga, walinyunyiziwa maji ya dawa, wakaingia vitani wakipaza sauti “Mai Mulele!”, wakiamini kwamba risasi zingegeuka maji. Pierre Mulele, waziri wa elimu katika serikali ya Lumumba, alikuwa mbali, katika misitu ya Kwilu, wala hakuwaongoza hawa. Dawa ilikuwa na miiko: usiibe, usimguse mwanamke. Aliyeuawa ilisemekana amevunja mwiko, kwa hiyo dawa haikushindwa kamwe. Marehemu ndiye aliyekuwa na kosa. Fikra hiyo yatutisha kuliko bunduki.

Vita vya 1998 vilipowaka, vijana waliopinga jeshi la Rwanda na RCD walikuwa na jina lilo hilo, na kwa wanakijiji wengi Mai-Mai akawa mlinzi. Desemba 2002, huko Pretoria, jina likaandikwa katika mkataba wa amani. Mwaka 2003 likapewa viti serikalini. Tangu hapo vikundi vikaongezeka, vingi vikiongeza majina ya wakubwa wao. Mama akisema leo “wamepita Mai-Mai”, hasemi ni akina nani. Asema kuku hawapo tena.

Sasa, tangu vita vya M23 viliporudi, lavuma jina la Wazalendo. Mzalendo ni mwenye kuipenda nchi yake. Kwa maana hiyo hata mwalimu asiyelipwa mshahara ni mzalendo. Lakini kijana akisema “naenda kwa Wazalendo”, mzazi haulizi habari za upendo. Auliza ni nani atakayempa bunduki.

Katika somo la Ubatizo mtoto mmoja alituuliza kama mai ya Padri nayo yazuia risasi. Tulimjibu kwamba Bwana mwenyewe alichomwa mkuki, na ubavuni mwake mkatoka damu na maji.