Meli ya Bukoba: Mfukoni Ubebe Shilingi Ngapi?

Samahani kwa kimya. UE zilinikaba koo, halafu zikafuata siku nane za likizo kijijini ambako mtandao ni wa kupanda mgombani. Sasa nimerudi, na korido nzima ya hosteli inaniuliza swali moja: eti kwenye meli ulibeba shilingi ngapi? Kuna watu wanne wanataka kwenda Bukoba likizo ijayo na nimechoka kurudia mlango kwa mlango. Kwa hiyo desa la Saikolojia ya Elimu nimelifunika kidogo, naandika hapa mara moja, atakayeuliza tena nitamwambia akasome.

Nianze na mshkaji wangu wa Tanga niliyesafiri naye, maana yeye ndiye aliyezua mjadala. Huyu bwana kaangalia video za meli za starehe za kule Karibi mpaka amekuwa kama amewahi kuzipanda. Anasema melini hakuna mtu anayebeba hela, ni kadi tu. Na kwa zile meli hasemi uongo. Ukipanda wanakupa kadi ya chumba, imeunganishwa na kadi yako ya benki au na hela uliyoweka mapokezi, ukinywa soda inaandikwa, siku ya mwisho unaletewa hesabu. Hata bakshishi ya wahudumu meli nyingi kubwa zinaikata zenyewe, dola 16 mpaka 20 hivi kwa kila kichwa kwa kila siku. Hela taslimu inayobebwa ni noti ndogo ndogo za dola 1 na 5 kwa wabeba mizigo bandarini, na za kutembelea mjini meli ikitia nanga. Visiwa kama Bahamas dola ya Marekani inapokelewa sawa na yao, moja kwa moja, hivyo wala hawahangaiki kubadilisha.

Sasa mshkaji akachukua hesabu hiyo ya Karibi akaileta Mwanza! Mkwanja wake wote akauacha kwenye simu. "Dada mwalimu, dunia imehama noti," ananiambia, huku tumebeba mikoba kwenye foleni ya Bandari ya Mwanza Kaskazini. Nikamwambia sawa, tutaona huko katikati ya maji.

Ziwa Viktoria si dimbwi, jamani. Ni kilomita za mraba 68,800 hivi. Meli inaondoka Mwanza usiku, inapita Kemondo, inakufikisha Bukoba asubuhi. Taa za mji zikishapotea nyuma na visiwa navyo vikaisha, simu inaanza kuonyesha kijiti kimoja, baadaye hata hicho hakuna. M-Pesa imekuwepo nchini kwetu tangu 2008 na mimi naipenda kama nyie, lakini bila mtandao simu ni tochi. Saa sita usiku baridi imeingia, mhudumu wa kantini (meli naiweka kapuni) anauza chai ya maziwa na chapati, mshkaji anapunga simu hewani kama anaita ndege. Chai yake nikalipa mimi.

Halafu kuna jambo la chenji, na hapa wengi hawafikirii. Mtu unatoka ATM na wekundu watupu, unajiona umejipanga. Usiku wa manane unampa mtu msimbazi kwa chai ya buku, anakwambia "subiri dada, chenji sina," unasubiri mpaka unasinzia. Na si kosa lake, abiria wote wametoka ATM ileile! Mimi siku moja kabla nilipita sokoni nikavunja elfu ishirini yote: buku, buku mbili, na sarafu za jero kama kumi. Wale mama wa dagaa wanakuvunjia kwa furaha maana wao ndio wanateseka na machenji. Kwa usiku wa melini na asubuhi ya kushuka, hizo ndogo zinatosha kabisa. Melini nilitumia 9,000 tu, chai ya mshkaji ikiwemo, na wali samaki tuliokula wawili sahani moja.

Asubuhi Bukoba, pale Kastamu, simu ya mshkaji ilikuwa imezimika chaji kwa kutafuta mtandao usiku kucha. Tukaomba umeme kwenye kibanda, ikawaka, tukaenda kwa wakala. Wakala wa kwanza hana floti. Wa pili hana. Fikirieni meli nzima imeshuka kwa pamoja na kila mtu anataka kutoa hela saa moja asubuhi, floti itoke wapi? Nikamlipia bodaboda na supu, 6,500. Mchana akanirudishia kwenye simu, na ya kutolea akaweka, hilo nampa hongera maana mnajua watu wa siku hizi.

Mtasema si bora kupanda basi. Sawa, tangu daraja la Kigongo-Busisi lifunguliwe Juni 2025 ule usumbufu wa kusubiri kivuko umekwisha, na mama yangu mzazi hapandi kingine ila basi. Lakini mama ana sababu yake. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikienda Mwanza, mamia ya watu wakafa, na kwa watu wa Kagera wa umri wake hiyo si habari ya gazeti, ni majina ya majirani. Simbishii. Mimi napenda meli kwa sababu nalala, na kwa sababu begi la chumvi, sabuni na madaftari ya wadogo zangu linapita bila kugombana na kondakta.

Haya, sasa hesabu yenyewe. Bumu lilikuwa limebaki 250,000 baada ya kulipa madeni ya kafeteria, na tiketi ya kwenda nilishakata. 70,000 niliiacha benki, hiyo ni ya kula nikirudi chuo, maana mnajua Bodi wanatuhesabia 10,000 kwa siku ya chakula na malazi lakini tarehe ya kuingia anaijua Mungu. Nikatoka na 180,000 taslimu, imegawanywa sehemu tatu. Elfu sitini ni nauli ya kurudi pamoja na dharura, nimeifunga kwenye mfuko wa nailoni chini kabisa ya begi, siigusi hata nikiona njaa. Elfu sabini ni ya matumizi, zile ndogo mfukoni na nyingine kwenye pochi.

Na elfu hamsini, noti tano safi, nilizishonea ndani ya kiuno cha suruali kwa sindano na uzi. Mshkaji alicheka sana. "Hiyo ya bibi si ungeirusha tu kwa simu?"

Ngoja niwaambie kwa nini sikuirusha. Bibi yangu ana presha, anameza vidonge kila siku. Simu anayo, lakini laini imesajiliwa kwa jina la baba mdogo na namba ya siri anayo baba mdogo. Mwaka jana nilituma 30,000 ya dawa. Ujumbe ulikuja kwangu kwamba imepokelewa, jina la baba mdogo hilo hapo kwenye kioo. Mwezi mmoja baadaye nampigia bibi namuuliza dawa vipi, ananijibu, "Dawa gani mjukuu wangu? Nilijua mambo ya shule yamekubana." Alikaa mwezi mzima bila vidonge na hakulalamika kwa mtu. Nilipomwuliza baba mdogo akasema ilikatwa deni, zile za kukopa kwenye simu, eti mfumo ulichukua wenyewe. Inawezekana kweli, hizo huduma za kukopa hukata hela ikiingia tu. Lakini deni la nani?

Kwa hiyo ukiniuliza ubebe shilingi ngapi kwenye meli, mimi naanza na swali la nani yuko ng'ambo ambaye hela ya simu haimfikii. Hela ya mtu huyo inasafiri mwilini mwako. Saa nane usiku baridi ilipokolea, wenye tiketi za vyumba wamefunga milango yao, mimi na mshkaji tumejikunyata kwenye viti, akaniambia tuulize kama kuna kitanda kilichobaki, tuongeze hela tukalale. Nilizihisi zile noti kiunoni. Nikamwambia ongeza ya kwako... ya kwake ikawa haina mtandao. Tukajifunika kanga mbili mpaka Kemondo.

Nyumbani sikutoa hela sebuleni. Nilimfuata bibi jikoni akimenya ndizi, nikafumua uzi mbele yake. Alizihesabu mara mbili, akazifunga kwenye pindo la kanga, akaendelea na ndizi zake kama hakuna kilichotokea. Kesho yake tukaenda wote senta kwenye duka la dawa na karatasi yake ya kliniki, tukachukua vidonge vya miezi miwili. Mhudumu alimpima presha bure, akaniangalia kwa jicho ambalo silisahau, akasema tungechelewa zaidi ingekuwa habari nyingine.

Jioni yake baba mdogo naye akaja. "Mwalimu, umetuletea nini?" Nilishampangia kwenye ile sabini: kilo mbili za sukari na buku tano mkononi. Akashukuru vizuri tu. Ni mtu mcheshi, anacheza na watoto, na nyumba ya bibi analala yeye, sisi tuko mbali. Sikutaka ugomvi wa siku nane ambao ataubeba bibi nikishaondoka. Ila laini mpya tumeisajili kwa kitambulisho cha bibi mwenyewe, namba ya siri anaijua yeye na binamu yangu wa darasa la sita, ambaye nimemwahidi begi la shule hela ikiwa inafika.

Mnaoenda Desemba, ongezeni kidogo kwenye ya matumizi. Msimu wa senene ukikubali, mjini utanunua tu hata kama ulijiapiza, na hosteli nzima hapa itakudai. Na nauli za boda mpatane kabla hujapanda.

Nilirudi chuo na 23,000 ya matumizi, pamoja na noti moja ya 10,000 ambayo bibi aliifumua kwenye pindo lile lile asubuhi ya kuondoka akanisukumia mkononi, "ya chai ya melini." Nilikataa, akanuna, nikapokea. Niliificha ndani ya kitabu cha maandalio ya masomo ya TP nikisema hiyo haitumiki. Bumu mpaka leo mchana halijasoma, na kafeteria hawakopeshi tena mwaka wa tatu, kwa hiyo msiniulize iko wapi.