Siku yetu St Andrews (Sehemu ya 4)
Mama mwenzangu, jana nilikuwa off, tukapanda basi hadi St Andrews, Uskoti. Tukazunguka magofu ya kanisa kuu lililowekwa wakfu mwaka 1318, upepo wa bahari ukitukata masikio. Mchana tukanunua samaki na chipsi, tukala bandarini. Mwanangu wa miaka 3 akaanza kukimbiza shakwe, chipsi mdomoni. Ghafla kimya. Macho yamemtoka, kukohoa hawezi. Nesi mzima, mikono ikanitetemeka! Nikamwinamisha, nikampiga kwa kiganja katikati ya mabega. Pigo la 3, chipsi ikaruka nje. Akalia, nami nikalia. Mpendwa, anayekohoa kwa nguvu mwache akohoe. Aliyenyamaza ndiye wa kukimbilia. Na mtoto akae kwanza, ndipo ale.