Pamba na Kupamba

Nilipokuwa mwanafunzi Nyalikungu tuliigiza "Kinjeketile" ya Ebrahim Hussein, tamthilia iliyochapishwa 1969. Nikapewa kazi ya kupamba jukwaa. Mto Rufiji ningeutoa wapi, katika kiangazi cha Maswa? Mama akaniazima shuka lake la buluu. Kingo za mto nikazijenga kwa magunia ya pamba yetu, maana hayo tulikuwa nayo.

Baba aliyatazama magunia kwa muda, kisha akauliza: "Hao walilimishwa pamba kwa viboko?"

Nikamwambia ndiyo, ni mojawapo ya sababu za Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907.

Akanyamaza. Miaka mingi nimepamba majukwaa, na kila nipakapo rangi naukumbuka ukimya ule. Mandhari ni mhusika asiyepewa maneno.