Tumbawe Hulishwa kwa Kibaba

Ndugu msomaji, ukipita katika miji yetu ya kale ya pwani, tangu Kilwa Kisiwani hadi Mombasa na Lamu, utaona kuta ambazo mawe yake yalitoka baharini. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani umejengwa kwa matumbawe, na chokaa iliyoyashikamanisha mawe hayo nayo ni matumbawe yaliyochomwa tanurini. Tumezoea kuyaita mawe, lakini tumbawe halianzi likiwa jiwe. Ni kazi ya wanyama wadogo mno, laini, wenye mikono midogo kuzunguka kinywa, ambao kila siku hufyonza madini ya chokaa katika maji ya bahari na kujijengea makao. Makao hayo yakirundikana juu ya mengine kwa mamia ya miaka, ndipo tunapopata mwamba. Lile tumbawe la mviringo ambalo mafundi wa zamani walilipenda kwa kuchongea mihirabu huongezeka kiasi cha sentimita moja tu kwa mwaka.

Mimi ni mzaliwa wa Mikindani, na kwa miaka mingi sasa naishi Düsseldorf, Ujerumani, nikifanya kazi ya ufundi bomba. Sebuleni mwetu pana tangi la kioo lenye lita 400 za maji ya chumvi, samaki wachache, na matumbawe yaliyo hai. Matumbawe hayo hayakung'olewa baharini. Ni vipande vilivyokatwa kutoka kwa matumbawe yaliyokuzwa matangini na wafugaji wa huku. Yamkini utasema kuwa huu ni mchezo wa watu wenye nafasi. Sikatai. Lakini nisikilize kidogo, kwa maana katika kulitunza tangi hili nimejifunza mambo yanayomfaa hata mtu ambaye hatafuga samaki maisha yake yote.

Kwanza fahamu shida yenyewe. Lita moja ya maji ya bahari ina miligramu 400 na ushei za kalsiamu, na ina ualkali wa digrii 7 hivi kwa kipimo cha Kijerumani. Ualkali ni akiba ya madini ya kabonati inayoyazuia maji yasielekee kwenye uasidi. Tumbawe huchukua kalsiamu kwa mkono mmoja na kabonati kwa mkono wa pili, likafyatua tofali lake. Baharini akiba hiyo haina mwisho, maana maji mapya hupita usiku na mchana. Tangini hakuna maji mapya. Matumbawe yakiwa machanga, mwenyewe huweza kuongeza madini kwa kijiko. Yakishakua, yanakula kuliko kijiko, na siku ukisafiri au ukaugua, ujenzi unasimama na tumbawe huanza kufifia.

Dawa ya shida hii ni chombo kiitwacho riakta ya kalsiamu. Katika miaka ya mwanzo ya 1990, Rolf Hebbinghaus wa Löbbecke Museum, jumba la viumbe la mji huu huu ninamoishi, ndiye aliyewaonyesha wafugaji njia hiyo. Chombo chenyewe ni mtungi wa plastiki uliojazwa vipande vya matumbawe makavu yaliyokufa. Pampu ndogo huyazungusha maji ya tangi ndani yake, na kutoka katika mtungi mwingine, wa chuma, huingizwa hewa ya ukaa, ile iitwayo kabonidayoksaidi, kiputo kimoja kimoja. Hewa hiyo huyafanya maji ya ndani kuwa na uasidi kidogo, pH ikashuka hadi 6.5 au 6.7. Hapo tumbawe lililokufa huanza kuyeyuka, na maji yaliyobeba madini yake hurudi tangini tone kwa tone. Kwa maneno mengine, tumbawe la kale humlisha tumbawe aliye hai.

Nilipomweleza baba yangu kwa simu jambo hili, alicheka hata akapaliwa. Akasema, "Mwanangu, sisi tuliyachoma mawe ili nyinyi mle. Leo wewe unayalisha mawe?"

Mzee alikuwa na haki ya kucheka, kwa kuwa alikuwa mchoma chokaa. Kazi hiyo nikiwa mdogo naikumbuka vema. Magogo hupangwa duara, matumbawe makavu hurundikwa juu yake, moto hutiwa jioni, nao huunguruma usiku kucha. Moto ukishapoa hubaki rundo jeupe, ambalo hunyunyiziwa maji likafumuka kuwa unga. Katika kila kilo 100 za mawe ya chokaa yaliyo safi, kilo 44 hupaa angani zikiwa hewa ya ukaa, na kilo 56 ndizo zinazobaki kuwa chokaa. Kwa chokaa hiyo Mzee alilipa ada yangu ya shule na kuwalisha watoto wanane. Siwezi kumhukumu mtu kwa kazi aliyoikuta kwa wazee wake na iliyonitoa mimi nilipokuwa. Lakini pia siwezi kusahau kwamba lililojengwa kwa miaka mingi liliteketea kwa usiku mmoja. Riakta yangu hufanya kinyume cha tanuri: hewa ile ile iliyokuwa ikifukuzwa kwa moto, huku inarudishwa taratibu ndani ya maji.

Sasa nije kwenye kazi yenyewe, maana hapa ndipo wengi hushindwa. Mtu hununua chombo, akafungua koki zote mbili, ya hewa na ya maji, akangojea muujiza. Riakta haitaki hivyo. Jambo la kwanza ni kujua matumbawe yako yanakula kiasi gani. Kwa siku mbili sikuongeza madini yoyote, nikapima ualkali kila siku saa moja jioni. Ulishuka kutoka 9 hadi 8, kisha kutoka 8 hadi 7. Basi ulaji ulikuwa digrii moja kwa siku.

Baada ya hapo ni hesabu ya darasa la saba. Maji yanayotoka katika riakta yakiwa na digrii 33, na tangi likitakiwa kukaa kwenye 8, kila lita inayoingia inaleta ziada ya digrii 25. Lita 400 za tangi zinahitaji digrii moja kila moja, yaani 400 kwa jumla. Gawanya 400 kwa 25, utapata lita 16 kwa siku, ambazo ni mililita 11 hivi kwa dakika. Na ukipiga hesabu ya uzito, matumbawe yote ya sebuleni kwetu yanatumia gramu 7 hivi za chokaa-mawe kwa siku, ambazo kwa mwaka ni kilo mbili na nusu na kitu. Wahenga waliposema haba na haba hujaza kibaba, walikuwa wakilisema tumbawe bila kujua.

Ukishajua hesabu, washa chombo bila hewa kwa siku nzima, uone kama kuna mahali panapovuja. Kisha anza na viputo vichache, kama 15 kwa dakika. Una koki mbili, ya viputo na ya maji. Usiziguse zote mbili kwa siku moja, maana mambo yakiharibika hutajua ni ipi iliyoharibu. Geuza moja, kidogo, kisha ungoje hadi kesho yake, upime saa ile ile. Ualkali wa tangi usiuruhusu upande zaidi ya digrii moja kwa siku. Kwetu ilichukua wiki tatu hata kipimo kikatulia kwenye 8, asubuhi na jioni.

Hata hivyo uvumilivu peke yake hautoshi kama vifaa ni vibovu. Duka moja la vitu vilivyotumika liliniuzia regyuleta ya mtungi wa hewa, likinihakikishia kwa maandishi kuwa ni ya hatua mbili. Ilikuwa ya hatua moja. Tofauti yake ni hii: mtungi unapokaribia kwisha, regyuleta ya hatua moja huweza kuachia hewa kwa nguvu kuliko ulivyoipanga. Usiku mmoja mtungi ulikwisha kwa namna hiyo, na asubuhi pH ya tangi ilikuwa chini ya 7.5, ilhali kawaida yake ni 8.1 au 8.2.

Binti yetu, aliyezaliwa huku, alikuwa ameyapa matumbawe yake majina ya pwani ya babu yake: Mikindani, Msimbati na Mnazi. Alikuwa ameyalea kwa miaka minne tangu yakiwa vipande vya urefu wa kidole. Msimbati na Mnazi walikufa wiki ile. Mikindani alipoteza rangi upande mmoja, akabaki. Duka lilirudisha fedha za regyuleta, lakini miaka minne ya mtoto hairudishwi kaunta. Mama yake alimkalisha wakazungumza, kisha tukakubaliana kuwa chombo kitarudi kazini kwa sharti moja: kiwe na mlinzi. Siku hizi kipima pH kimetumbukizwa ndani ya riakta. Ikishuka chini ya 6.5, vali ya umeme hufunga hewa yenyewe, na umeme ukikatika hufunga vilevile. Kipima hicho husawazishwa mara kwa mara kwa maji maalumu ya pH 7 na pH 4, kwa maana mlinzi anayelala ni hatari kuliko kukosa mlinzi. Mtungi wa hewa umefungwa ukutani kwa mnyororo, umesimama wima, katika chumba chenye dirisha; hewa ya ukaa ni nzito, hukaa chini, na mtoto hulala chini. Mikindani sasa ametoa matawi mapya, na binti yetu ndiye anayeandika vipimo daftarini kila jioni.

Huenda ukauliza, haya yote yanatuhusu nini sisi tunaopanda basi alfajiri kwenda kazini? Yanatuhusu. Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi ya magharibi yalipata joto kupita kiasi, na matumbawe mengi ya pwani yetu yalipauka na kufa. Tumetenga hifadhi za bahari, ya Kisiwa cha Mafia mwaka 1995 na ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Ruvuma mwaka 2000. Lakini hifadhi haiwezi kulinda mwamba ambao wanunuzi wanauchoma. Mchoma chokaa hachomi kwa kupenda moshi. Anachoma kwa kuwa mjini kuna mtu anayenunua. Nchi kavu ina mawe ya chokaa tele, na saruji ya Wazo Hill imetengenezwa kwa mawe ya namna hiyo tangu mwaka 1966.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukienda kununua chokaa ya kupaka nyumba, muulize muuzaji imetoka wapi, na ukiambiwa ya baharini, tafuta nyingine. Na wachoma chokaa wa vijiji vya pwani wasiachwe na katazo peke yake. Wapatiwe kazi mbadala, maana nao wana watoto wanaodaiwa ada. Siku ya mapumziko maji yakipwa, wapeleke watoto wako wakaone matumbawe, na uwaambie wasiyakanyage. Waonyeshe tawi lenye urefu wa kidole, kisha uwaulize wanadhani limechukua muda gani kufika hapo. Waache wafikirie wenyewe kwanza, ndipo uwajibu.